Balbu Haimo

Leo asubuhi kijana wa duka la vyombo vya umeme ameniingiza chini ya blanketi, mbele ya foleni ya wateja, ili tumulike televisheni yangu kwa tochi ya simu. Mama mmoja aliyekuja kununua pasi akauliza kama mle ndani kuna mgonjwa.

Televisheni yenyewe inasema vizuri tu. Mtangazaji anapayuka, goli linafungwa, watu wanashangilia; kioo giza tupu. Fundi wa mtaani kwetu Mbugangari ndiye aliyenieleza, na tangu hapo majirani wananikimbia kwa mahubiri yangu. Kumbe kile kioo hakina mwanga wake! Kazi yake ni ya pazia: kila kitone hufunguka au hujifunga kupitisha mwanga unaotoka nyuma. Huko nyuma kumepangwa vitaa vya LED kwenye tepe ndefu, umeme ukipita kutoka kimoja hadi kingine. Kimoja kikikatika, mstari mzima umezimika, na mara nyingi saketi huzima hata mistari iliyobaki ili kujilinda. Sauti haina habari, inaendelea. Na picha bado ipo: tafuta giza, sogeza tochi kwenye kioo, utamwona mchezaji akikimbia kwa mbali. Ndiyo sababu ya blanketi.

Kijana akamwona mchezaji. Akafurahi, nami nikafurahi. Kisha akafungua mkataba wa garanti ya nyongeza, ile niliyoilipia faranga 45,000 ili nipate usingizi.

"Papa, kioo chako kizima. Kilichokufa ni taa, na taa tunaihesabu balbu. Balbu haimo."

Nikamwambia umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Umeme nao haumo. Tetemeko na volkano havimo pia, na karatasi hiyo wanauziwa watu wa chini ya mlima Nyiragongo, ambao Mei 2021 kuta zao zilipasuka wakiziangalia! Kinacholipwa ni nini basi? Akasoma tena, kwa uaminifu kabisa, akasema ngoja aulize ofisi ya Kigali.

Kigali wakajibu: kwa huruma, wakishatoa uchakavu, watanilipa faranga 30,000.

Hapo kicheko kikaniisha. Garanti niliuziwa kwa Kiswahili kitamu, hadi nikaitwa shemeji. Mkataba nikapewa wa Kiingereza, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Kinatosha kupokea hela zetu, ila kutuambia balbu haimo kinashindwa? Lugha uliyouzia ndiyo uandikie masharti, na taa zitajwe ukurasa wa kwanza.

Jiko la gesi nalo liligoma likiwa ndani ya garanti, lakini maandishi ya risiti yalikuwa yameshafutika, nikakosa ushahidi.

Fundi wa Mbugangari anabadilisha tepe zote kwa 25,000. Ukiuziwa garanti hapa mjini, uliza habari za taa kwanza, hela ikiwa bado mkononi mwako.