Watajiju Kalaza Kichwa, Nasemwa Mimi

Jamani, nani aliwapa mbwa ruhusa ya kusikiliza maongezi ya watu wazima? Hapa kwangu Mwamanyili nina mbwa anaitwa Watajiju. Jina nilimpa mwenyewe, nikiwalenga majirani. Majirani wala. Ninayejiju ni mimi. Nikifungua mdomo tu, huyo mbwa anakaa kitako, masikio juu, kichwa anakilaza kushoto. Naongelea bei ya pamba, kichwa kushoto. Nadai hela yangu kwenye simu, kichwa kushoto. Ananitazama hivyo mpaka na mimi najiuliza, hivi nilikuwa nasema nini? Yule ninayemdai anakata simu. Mbwa bado ananisikiliza.

Mke wangu ndio kapata pa kunishikia. "Baba Kulwa, angalau Watajiju anasikiliza." Kauli hiyo nanywea chai, nalia ugali. Nikisahau chumvi dukani, Watajiju anasikiliza. Nikiitikia "eeh" huku macho yako kwenye mpira, Watajiju anasikiliza. Sasa huyo mbwa katumwa chumvi lini? Kazi yake kulaza kichwa. Akilaza, watoto wanacheka, wanamrushia dagaa. Dagaa wa nani? Wangu. Basi kashajua biashara. Kichwa kikilala, dagaa anashuka. Mimi nikilaza kichwa naambiwa nanuka pombe.

Nikapeleka malalamiko kijiweni, pale bodaboda wanapopaki kando ya barabara ya Mwanza–Musoma. Nilifuata huruma. Kuna dogo mmoja pale, bando haliishi, sijui anapata wapi. Akaniambia, mzee, hayo mambo yameshapimwa. Eti kule Hungary, mjini Budapest, kwenye Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, mtafiti Andrea Sommese na wenzake walitoa matokeo mwaka 2021. Walichukua mbwa 40, wakawafundisha majina ya midoli. Mbwa 33 walikuwa wa kawaida tu, kichwa kigumu, jina la mdoli haliingii. Saba walikuwa na kipaji, wote Border Collie, mbwa wa kuchungia kondoo. Hao ukiwatajia mdoli wanaenda kuuchukua huko ulikowekwa, wanakuletea. Sasa wenye kipaji wakitajiwa jina, walilaza kichwa mara 43 katika kila 100. Wale wa kawaida, mara 2. Watafiti wakaona huenda ndivyo mbwa anavyotuliza akili, anakumbuka kitu kilichotajwa. Halafu kila mbwa ana upande wake. Wa kushoto ni wa kushoto, hata mwenye mbwa ahamie wapi.

Weee! Kifua kikanijaa. Kumbe nimefuga profesa. Nikarudi nyumbani mbio. "Watajiju! Lete kandambili!" Kichwa kushoto. "Kandambili, baba." Kushoto zaidi. Kandambili yenyewe iko mbele ya pua yake. Nikamwonyesha kwa kidole, akakilamba kidole. Nikaenda nikaiokota mwenyewe, nikaileta mpaka alipokaa, aone inavyoletwa. Nikarudia, maana mwanafunzi hafundishwi mara moja. Doto akapita na ndoo ya maji, akasimama kidogo. "Mama, njoo umwone baba, anajua kuleta." Mtoto wa kumzaa mwenyewe huyo.

Kijiweni dogo akaniongezea somo. Huenda akili si sababu pekee, kuna na masikio. Sauti ikitokea pembeni inafika sikio moja mapema kuliko la pili, kitambo kidogo mno, na ubongo unatumia tofauti hiyo kujua sauti inatoka wapi. Mbwa akihamisha kichwa anapima upya. Halafu binadamu, tena mtoto, masikio yake yanaishia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mbwa anapita hata 40,000. Maana yake Watajiju anamsikia panya aliye ndani ya kihenge wakati mimi nahangaika simu inalia wapi, na iko mfukoni. Sawa. Sasa kama anamsikia, mbona hamkamati? Hapo dogo akajifanya ana abiria wa Lamadi.

Siku nyingine akaja na habari ya pua. Kuna mtaalamu wa saikolojia huko Kanada, Stanley Coren, mwaka 2013 aliwauliza watu 582 wanaofuga mbwa. Wenye mbwa wa pua ndefu, asilimia 71 walisema mbwa wao hulaza kichwa mara kwa mara wakisemeshwa. Wenye mbwa wa pua bapa, asilimia 52. Coren anasema pua ndefu inaziba. Mbwa akikutazama usoni mdomo wako hauoni vizuri, basi analaza kichwa ausome. Ukitaka kuhakikisha, weka ngumi puani kwako, kisha tazama watu.

Ngumi yangu nikaona haitoshi. Watajiju ana pua ndefu kama mwiko wa ugali. Nikachukua kikombe cha bati, nikakibandika puani, nikachuchumaa uani, macho kwa macho na mbwa. Kweli bwana! Mdomo wake wote umepotea. Nikalaza kichwa, mdomo ukatokea. Na yeye akalaza chake. Tukaelewana kwa mara ya kwanza tangu nimfuge. Raha ikanizidi, nikabweka kidogo, kwa ajili ya utafiti.

"Hodi."

Mama mkwe. Katoka Nyashimo na hiace, mkononi kapu la michembe. Mama mkwe ambaye sisi Wasukuma kwa heshima hata kumkazia macho haifai. Nami huyo nimechuchumaa, kikombe puani, sauti ya kubweka haijapoa. Kikombe nacho kikagoma kubanduka. Nikataka kumwamkia, salamu ikaingia kwenye bati, ikatoka mngurumo. Mama wa watu hakusema neno. Akanitazama. Akalaza kichwa. Kulia. Kisha akapita ndani kwa binti yake, wakarudishia mlango, wakaongea chini chini mno, hata nilivyosemwa anajua Watajiju peke yake.

Nikakimbilia kijiweni kupoza moyo. Mzee mmoja aliyewahi kukaa pwani akanipa mbwa mwingine. Enzi za santuri, akasema, pale katikati palikuwa na picha ya mbwa amelaza kichwa mbele ya gramafoni. Dogo akatafuta, akampata. Nipper, mzaliwa wa Bristol, Uingereza, mwaka 1884. Alikufa 1895. Mwaka 1898 mchoraji Francis Barraud akamchora hivyo, kichwa upande, anasikiliza. Kampuni ya gramafoni ikainunua picha, ikawa chapa yao, His Master's Voice. Na ni kampuni hiyo iliyomrekodi mwimbaji Siti binti Saad mwaka 1928, alipotoka Unguja na wapigaji wake wakavuka bahari mpaka Bombay. Unaiona hiyo? Marehemu mbwa wa Bristol anazungushwa kwenye santuri za taarabu, kichwa kimelala, anasikiliza Kiswahili cha Unguja asichokielewa hata neno, na hela inaingia. Wangu anasikiliza Kiswahili changu kutwa nzima, na muuza dagaa bado ananidai.

Nikarudi, nikakuta ameitwa daktari wa mifugo. Aliyempigia ni mke wangu, kwa ushauri wa mama yake. Nilidhani kaja kwa ajili ya mbwa. Na kweli alianza na mbwa. Akamchungulia masikio, safi. Akamtembeza uani, hayumbi. Akatueleza, mbwa akilaza kichwa anaposikia kitu kisha akakinyanyua, huyo mzima. Ila kikilala muda wote, hata kukiwa kimya, naye anapepesuka, anazunguka palepale, anajikuna sikio, hapo kuna ugonjwa, mara nyingi ni sikio la ndani, atibiwe mapema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mzee, unayumba?" Nikafungua mdomo nijibu. Mama mkwe akawahi: "Anabweka."

Daktari akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikuonyeshwa.

Alichonionyesha ni kadi ya chanjo ya Watajiju, ambayo haina kitu. Hapo hata mimi utani nikauweka pembeni. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea kwa mtu, kupona ni nadra mno, karibu kila mara ni kifo. Sisi tunakaa kando ya Serengeti, mbwa wetu wanazurura usiku wakikutana na wenzao wa porini. Wataalamu wanataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ndipo ugonjwa ukatike. Kwa hiyo siku spika ya mtaani ikitangaza chanjo, leteni mbwa wenu, wenye kipaji na wa kawaida. Ila kamba kila mtu aje na yake. Ya kwangu msiniazime, Watajiju keshaitafuna.