Kiboko Hana Handikapu

Wapo wachezaji wa gofu wasioridhika kuingia mji mgeni, kupiga mpira wao, kunywa chai yao na kuondoka kwa amani. Sharti wakihukumu kiwanja. Mimi, kwa hisani ya Mola na ya handikapu ya sita, ambayo naitaja pasipo majivuno, kwa sababu shahidi hana budi kujieleza kabla ya kutoa ushahidi, ni mmoja wao. Safarini hubeba fimbo zangu 14, idadi ya juu kabisa iruhusiwayo na sheria, pamoja na daftari lenye jalada gumu ambamo huandika urefu wa kila shimo, upana wa njia yake, kina cha mchanga, mteremko wa grini, na mwisho wa yote hukumu. Mabingwa wa elimu hii wamekwisha kuturahisishia kazi kwa tarakimu mbili: ya kwanza hueleza mapigo ambayo mchezaji stadi hutazamiwa kuyatumia kumaliza kiwanja, na ya pili, iendayo kutoka 55 hadi 155, ilhali kiwanja cha wastani huhesabiwa 113, hueleza jinsi ugumu umzidiavyo mchezaji wa kawaida. Ni mizani adilifu, nami sina ugomvi nayo, ila walioitunga walidhani kwamba kiwanjani hamna mtu isipokuwa mchezaji na mwenziwe, na kwa dhana hiyo ni dhahiri kwamba hawakupita mashariki ya Uganda.

Kiwanja cha Jinja kina mashimo tisa, yazungukwayo mara mbili kutimiza kumi na nane, nacho kimelala kando ya Mto Naili, karibu na hapo mto unapoagana na ziwa. Maporomoko ambayo mpelelezi Mwingereza Speke aliyafikia mwaka 1862 na kuyapa jina la Ripon hayaonekani tena, maana yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Lakini viboko hawakufunikwa. Desturi ya mnyama huyu ni kushinda majini mchana kutwa, akiupumzisha mwili ambao aghalabu hupita kilo 1,300, na usiku kupanda nchi kavu kutafuta malisho. Na akikuta majani yaliyokwisha kukatwa kwa ustadi na kutunzwa kwa gharama za wanachama, haoni sababu ya kwenda mbali. Kwa hiyo Jinja imepata sifa ulimwenguni kwa kanuni yake ya mahali, isimuliwayo tangu zama za Waingereza, ya kwamba mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko huruhusiwa kuinuliwa na kuwekwa kando bila ya adhabu.

Asiyecheza gofu atadhani huo ni mzaha. Hasha! Sheria kuu za mchezo, zitungwazo na wakuu wa St Andrews kule Uskoti pamoja na wenzao wa Marekani, humsamehe mchezaji ambaye mpira wake umeingia katika shimo lililochimbwa na mnyama. Lakini unyayo si shimo la kuchimbwa, kwani kiboko hachimbi, hupita tu na shughuli zake. Pengo hilo la sheria halina madhara kule Uskoti. Jinja ilibidi lizibwe, na waliolizibua upya asubuhi moja, kwa muda wa karibu nusu saa, ni mimi na mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole na kumbukumbu isiyo na upole hata kidogo.

Nilikuwa nimepiga pigo ambalo, lau angekuwapo mshairi karibu, lingestahili beti mbili tatu. Mpira ukapanda, ukaukata upepo wa mtoni, ukashuka katikati ya njia, ukatoweka. Tuliukuta umestarehe ndani ya kishimo cha tope.

"Kiboko," nikasema, na mkono wangu ukawa njiani kuuinua.

"Ng'ombe, ndugu yangu," akasema mwalimu.

Tukamwita kedi, kijana mwembamba ambaye Kiswahili chake alikipata kwa madereva wa malori yatokayo Malaba, naye akapiga magoti, akautazama ule unyayo kwa taadhima kubwa, akautia kidole, kisha akatufahamisha kwamba kiboko ana vidole vinne, na ng'ombe ana kwato mbili, na kwamba yeye hapa, kwa kadiri tope lilivyotitia, anaona vitatu.

"Vitatu ni mnyama gani?" nikamwuliza.

"Mzee, huyu alipita ng'ombe kwanza, halafu kiboko akakanyaga juu yake. Ama kiboko kwanza. Hiyo siwezi kuapa."

Nimezisoma sheria za gofu kwa juhudi ambayo wazazi wangu wangependa niiweke katika mambo mengine, wala sijaona popote hukumu ya unyayo wa shirika. Tulisuluhishana kwamba niuinue mpira kwa nusu ya adhabu. Na kwa kuwa hakuna nusu pigo katika gofu, nusu hiyo ikaandikwa kuwa deni. Deni hilo lilidaiwa mapema kuliko nilivyotaraji, kwani mashimo machache mbele, mpira wa mwalimu ulipokuwa umetulia karibu na miti, tulisikia majani yakitikisika, na tulipofika mpira hapakuwa nao. Mwalimu alidai kwamba umechukuliwa na tumbili. Sheria iko bayana: mpira uliochukuliwa na mnyama hurudishiwa mwingine pale pale ulipokuwa, bila ya adhabu, madhali jambo hilo limejulikana kwa yakini au kwa namna iliyo karibu na yakini. Nikamwuliza ameona nini. Akasema ameona mkia.

"Mkia peke yake," nikamwambia, "si yakini. Mkia ni dhana."

Alinikumbusha lile deni, kwa upole. Nikashikilia kwamba deni ni deni na ushahidi ni ushahidi, nikageuka kwa kedi nikiamini nitapata msaada. Naye akasema yule tumbili anamfahamu, ni yule yule wa juzi, na kwamba ikiwa wazee watampa fursa na kitu kidogo huenda akaupata mpira kesho kwa bei nafuu. Ushahidi huo uliukaribia sana uyakini. Jioni nilipofungua daftari, niliona halina safu ninayoihitaji, nikachora mpya pembeni kwa rula na kuiandika juu yake: Mashahidi.

Safari ya kwenda Mbale kwa barabara ya Tirinyi haina mengi ya kusimulia, ukiacha mabwawa ya mafunjo, mashamba ya mpunga, na kondakta wa taksi aliyekataa katakata kuuhesabu mfuko wangu wa fimbo kuwa mzigo, akautoza nauli ya mtu mzima na kuukalisha dirishani, mahali nilipokuwa nimekaa mimi.

Mbale ni mji wenye mlima mlangoni. Jabali la Wanale, ambalo ni ubavu wa Mlima Elgon, limesimama juu yake kwa ukuta ulio wima, na maji yake huanguka kwa nyuzi nyeupe ambazo mtu huziona akiwa sokoni akinunua vitunguu. Kwa mpiga gofu, mandhari hiyo ni fitina. Jicho lililokwisha kuzoea ule ukuta hupoteza mizani, likaona mteremko kuwa mpando na mpando kuwa tambarare, na kedi wa huko hakunipa maelezo mengine isipokuwa kwamba mlima unausukuma mpira. Kule Mombasa, ambako bahari iko chini na mbingu iko juu, jambo kama hili halinisumbui. Niliandika 130 kwa ajili ya ule mlima peke yake, nikaona nimeukopesha kidogo.

Basi nilikuwa juu ya grini, mpira wangu ukiwa dhiraa tatu kutoka shimoni, nikihitaji pigo moja tu nimalize kwa manne na kumpita mwalimu, aliyenifuata Mbale kwa sababu ya lile deni. Nikaomba kimya. Hapo ndipo ilipotujia ngoma. Ilikuwa ni mwaka wa shufwa, na miaka ya shufwa ndiyo miaka ya imbalu, ambapo vijana wa Kigisu hutahiriwa hadharani wakiwa wamesimama, na atakayepepesa jicho huiachia jamaa yake aibu ya maisha; na kabla ya siku yao hucheza kadodi nyumba kwa nyumba, wakiwaarifu ndugu na kupokea tunzo. Njia yao ya mkato ilipita grini. Mbele alikuwa mtahiriwa mwenyewe, kapakwa unga wa mtama, njuga zikilia mapajani, na uso wake, nakiri, ulikuwa na utulivu mkubwa kuliko wangu, ilhali yeye alikuwa akikiendea kisu nami naendea kishimo cha milimita 108. Nyuma yake ngoma, na nyuma ya ngoma ukoo mzima.

Walitupokea kama jamaa. Nilitoa noti, kama iwapasavyo wajomba, nikapigiwa vigelegele na kuzungukwa, na ngoma ilipoondoka kuelekea barabarani mpira haukuwa pale nilipouacha. Ulikuwa kando kabisa ya mchanga. Mpira uliosogezwa juu ya grini na mtu asiye mchezaji hurudishwa mahali pake bila ya adhabu, hilo sote tulilijua. Ila mahali pake ni wapi? Mwalimu akasema dhiraa nne. Nami nikasema tatu. Kedi akasema yeye alikuwa akicheza. Ndipo mpiga ngoma mmoja, mzee wa makamo aliyebaki nyuma akikaza kamba, akaja bila ya kuitwa, akauokota mpira, akatutazama mmoja mmoja, akauweka shibiri moja kutoka shimoni.

"Ulikuwa hapa," akasema. "Niliuruka mwenyewe."

Mgeni habishani na mwenyeji siku ya ngoma yake. Niliusukuma kwa ncha ya fimbo ukaingia. Mwalimu alitoa kalamu, akaishika juu ya kadi bila ya kuandika, akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole, kama ile noti niliyoitoa ilikuwa tunzo au rushwa.

Nikamwomba aandike nne.