Kabla ya Kuhamia Buruburu, Muulize Mama Mboga

Dalali wa nyumba Nairobi, ambaye wenyeji humwita broka, ana saa yake ya kumtembeza mnunuzi. Hakuleti alfajiri, watu wakigombania matatu, wala jioni wanaporudi. Hukuleta saa nne na nusu, siku ya kazi, watoto wako shule, wazazi wako mjini, na mtaa mzima umenyamaza. Ndiyo saa niliyoonyeshwa nyumba yangu ya Buruburu Phase 5.

Alinipeleka moja kwa moja jikoni, akafungua mfereji. Maji yakaruka hadi kwenye tai yake. "Maji hapa ni ya kumwaga, mzee," akasema, bila kujipangusa. Mie natoka Kisauni, Mombasa, ambako mfereji ukitoa maji mnaitana. Nikamtazama mke wangu, Mama Salim, Mama Salim akautazama mfereji, bei ikakubaliwa kimoyomoyo hapo hapo.

Kumbe siku ile ilikuwa zamu yetu. Nairobi maji huja kwa mgao, na mtaa wenu una siku zake. Tena yakija, hayaji saa ya heshima. Saa nane usiku bomba linakohoa, linatema hewa, kisha koti zima, yaani nyumba zote za geti letu, linaamka: ndoo zinagongana, tangi la mwenye pesa linajaa kwa mngurumo, na jirani anabisha dirisha kwa mwiko, "Baba Salim! Maji imerudi, amkeni!" Mara ya kwanza nilidhani ni wezi, nikatoka na upanga. Niliwakuta wanawake wamejifunga leso wanafua mablanketi, wakanisalimia vizuri tu na kuniuliza huo upanga ni wa nini. Muuzaji, nisisahau, alikuwa ameondoka na tangi lake. Mkataba ulisema nyumba; haukusema tangi.

Yote hayo mama mboga wa pale kwenye kona angenieleza kwa bei ya fungu moja la sukuma wiki. Yeye anajua maji huja lini, mtaro gani hufurika mvua za Aprili, nani anauza nyumba kwa kuwa anahamia shamba na nani anauza upesi upesi kabla ndugu zake hawajafika kortini. Akikukatia mboga polepole, ujue ana mengi ya kusema. Simama.

Upande wa hati sikubahatisha, kwa sababu watu wa Nairobi wakishazungumzia nyumba hawachelewi kuitaja Syokimau. Novemba 2011 mabuldoza yaliingia huko, kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya mamlaka ya viwanja vya ndege, na watu walisimama nje wakishika karatasi zao huku kuta zinaanguka. Basi wakili alinifanyia upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia hapa hapa Nairobi. Akaniambia pia nihesabu miaka iliyobaki kwenye mkataba wa ardhi: kama ni wa miaka 99 na ulianza 1975, unakwisha 2074, na benki huipiga hesabu hiyo kabla haijakupa mkopo. Kisha kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa nyumba ya mjini, asilimia 2 mashambani. Nyumba ya milioni 12 inakudai shilingi 480,000 kabla hujanunua hata fimbo ya pazia. Lipa, chukua risiti, usiende kulalamika kwa mama mboga, hayo hayamhusu.

Lakini hakuna upekuzi unaoonyesha jirani atajenga nini. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970, nyumba za ghorofa moja zenye vigae na kiwanja kidogo cha maua, kwa wenye mishahara ya kati. Umoja, ng'ambo ya Outer Ring Road, ilijengwa kwa mkopo wa Wamarekani ikiwa nyumba za chini chini. Leo ni maghorofa, ukipita kwa miguu unatembea kivulini mchana kutwa. Dandora, mradi wa Benki ya Dunia, watu walipewa ploti na choo, wakaambiwa wamalizie wenyewe. Wanamalizia mpaka leo. Eastlands ukiona kiwanja cha maua kitazame vizuri, mwakani hukikuti.

Cha jirani yangu kimekuwa vyumba vya kupangisha, ghorofa tatu, na dirisha la mpangaji wa juu linaangalia sufuria yangu. Ni kijana mpole. Ijumaa moja ninapika pilau, nikasikia sauti kutoka juu: "Baba Salim, leo bizari imepungua." Nilitaka kumjibu vibaya. Nikaonja. Nikaongeza bizari. Tangu hapo Mama Salim humpelekea sahani, na mie nimenyimwa hata haki ya kukasirika.

Baridi ya Julai sitaizungumzia. Mtu wa pwani aliyekuja na kikoi anajua yaliyompata.

Wala matatu za njia namba 58 sina ugomvi nazo, ingawa ile iliyochorwa kuanzia taa hadi bampa hupita usiku na muziki unaotikisa vikombe kabatini. Salim anazijua zote kwa majina. Sheng ameishika upesi hadi siku moja akamwita mamake "mathe" mbele ya wageni, na mamake akageuka kuangalia ni nani aliyeingia.

Kitu ambacho ningewashauri watu wapime mapema ni ngazi. Sisi tulikuja na samadari ya urithi, mninga mtupu, iliyochongwa Lamu, nguzo nne na mbao za kichwani ambazo hazifunguki. Ngazi za Buruburu zina kona. Kitanda kikafika konani, kikagoma. Tukajaribu dirishani kwa kamba, fundi juu, wapakiaji chini, na makanga mmoja aliyekuwa akipita akachukua usukani bila kuombwa. "Songa, songa, kuna nafasi!" Mtu aliyezoea kuingiza abiria pasipo na nafasi si wa kumwamini kwa samani. Samadari ilikwama nusu ndani nusu nje, na iliporudi chini ilirudi na fremu ya dirisha.

Iko sebuleni sasa. Kamati ya koti hukutania kwetu kwa sababu ndiyo nyumba pekee inayoketisha wote. Mwezi jana mwenyekiti alipanda, akavua viatu, akaegemea mito, akapitisha nyongeza ya mchango wa soja wa getini, na kabla hatujafika kwenye suala la takataka, katibu aliandika kwenye kumbukumbu kwamba mkutano umeahirishwa kwa kuwa mwenyekiti anakoroma.