Mhadhara kwa Wapangaji Wenzangu Kuhusu Mvumo na Mawimbi

Bi mwenye nyumba, shikamoo. Waheshimiwa wapangaji, kuanzia chumba cha kwanza hadi cha sita, na nyinyi watoto mliopanda ukutani, naomba utulivu. Mmeniita hapa uani mkiwa na hasira, nami nimekuja nikiwa na elimu. Kwa wale waliohamia juzi na hawanifahamu: mimi ndiye Daktari wa Mawimbi, Profesa wa Nyaya na mshauri mwandamizi wa kila chenye plagi katika mtaa huu. Shahada hizo nimejitunuku mwenyewe, baada ya kuona vyuo vinajivuta.

Ajenda aliyoiandika Bi mwenye nyumba inasema: "Kwa nini intaneti haipo tangu Jumatatu?" Nimeisoma. Ni ajenda changa. Mtaalamu haanzi na swali aliloulizwa, huanza na swali ambalo jibu lake analo. Tutaanza na gitaa.

Mnalalamika kuwa amplifaya yangu inavuma usiku. Inavuma, sikatai, lakini inavuma kwa noti gani? Kimya. Nilijua. Umeme wa nchi hii huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na ukishanyooshwa ndani ya amplifaya, masalio yake huvuma mara 100. Sasa chukua gitaa, bonyeza uzi mnene kuliko yote kwenye nafasi ya tatu, upige: utapata G, mitikisiko 98 kwa sekunde. Maana yake nyumba hii nzima inaimba G iliyopanda kidogo, na aliyeligundua hilo ni mimi peke yangu. Kijana wa chumba cha nne, ambaye kila wimbo anaupiga kwenye F, ndiye anayetuvurugia.

Mvumo mwingine huingilia kwenye pikapu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Kazi yake ni kunasa mtikisiko wa nyuzi, ila haina adabu, hunasa pia chaja, taa na friji. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson kule Marekani, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zinazopingana, ili mvumo ujifute wenyewe na sauti ya nyuzi ibaki. Hataza yenyewe ilitoka mwaka 1959. Barua yangu ya kuomba nitambuliwe rasmi na serikali ya mtaa haijafika hata nusu ya muda huo, kwa hiyo sina haraka.

Gitaa langu ni la koili moja. Dawa yake ni kugeuka taratibu mpaka upate upande ambao mvumo unapungua. Kwangu upande huo ni wa dirisha la dada wa chumba cha tano. Hiyo ni fizikia, shemeji, usinitazame hivyo.

Hili linalofuata silitanii. Nimeona humu ndani amplifaya ya mtumba iliyokatwa mguu wa ethi kwenye plagi yake, halafu ikachomekwa kwa kutumbukiza mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu la soketi. Tundu lile ndiyo njia ya ethi, na nyuzi za gitaa zimeunganishwa na njia hiyo. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, ni kawaida. Ukigusa nyuzi na vidole vikawashwawashwa, zima ukutani, chomoa, na usithubutu kugusa maikrofoni. Mei 1972, katika ukumbi mmoja wa Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni isiyokuwa na ethi ilhali gitaa liko mikononi. Umeme ulimuua. Mfuniko wa kalamu urudi kwenye kalamu.

Turudi kwenye hadhi yangu. Kuna uvumi kwamba nilishindwa kutengeneza gitaa la kijana wa chumba cha nne. Lilikuwa bubu. Fundi wa kawaida angefuata njia ya sauti: uzi, pikapu, kitufe, kebo, pedali, amplifaya, spika. Angebadili kebo kwanza. Ikishindikana, angeruka pedali na kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, akigusa kitu kimoja kwa wakati mmoja mpaka mkosaji ajulikane. Ni njia ya haraka, ndiyo maana haina heshima. Mimi nilifungua amplifaya yote, nikapanga skrubu kwenye ungo kwa ukubwa, nikaeleza historia ya jeki ya milimita 6.35, ambayo asili yake ni mitambo ya kuunganishia simu ya karne ya 19. Magharibi ilipokaribia, mtoto wa chumba cha pili akageuza kitufe cha sauti kwenye gitaa, kilichokuwa sifuri, na gitaa likalia. Mtoto yule alitekeleza hatua ya mwisho ya utafiti wangu. Nimempa peremende.

Kijana huyohuyo alijaribu pia kupitisha gitaa kwenye simu na kulisikiliza kwa spika ya Bluetooth. Akaja kwangu analia: anapiga sasa, sauti inakuja baadaye. Alidhani amerogwa. Bluetooth ya kawaida huweza kuchelewesha sauti milisekunde 200, na kwa kuwa sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde, ni kama spika umeipeleka mita 68 kutoka hapa, kule kwa muuza chipsi, ukabaki kuisubiri. Kwa kusikiliza taarabu haina neno. Kwa kupiga solo, tumia waya.

Au tumia nilichonunua mimi. Tazameni: vipande viwili, kimoja kwenye gitaa, kingine kwenye amplifaya, hakuna kebo, unatembea uani huku unapiga. Mpya kabisa. Naona Mama wa chumba cha tatu ameinua mkono kuuliza bei. Mama, ushushe, maswali ni mwishoni.

Kifaa hiki kinatumia masafa ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya ruta yetu, ya Bluetooth, na ya maikrowevu ya dada wa chumba cha kwanza. Maikrowevu ina nguvu ya wati mia kadhaa. Ruta ya nyumbani hutoa kama sehemu ya kumi ya wati moja. Kwa hiyo pilau la jana likipashwa moto, kinachovuja mlangoni kidogo tu kinatosha kukata video ya mtu. Chaneli za masafa hayo zimebanana mno. Ukitaka zisigongane, unabaki na tatu, yaani 1, 6 na 11. Ruta yetu iko kwenye 4, inagombana na majirani wa pande zote. Ile gigahezi 5 ina nafasi tele, ila ukuta wa tofali huichosha upesi.

Tena, Bi mwenye nyumba, kwa heshima zote: ruta umeifungia kwenye kabati la vyombo, katikati ya masufuria na sinia, na ufunguo umeufunga kwenye ncha ya kanga. Mawimbi hayapiti kwenye sufuria. Itolewe, iwekwe juu, mahali pa wazi, mbali na friji na kioo cha ukutani.

Nasikia mtu ananung'unika kwamba simu yake inaonyesha vistari vyote vya Waifai na bado haifungui kitu. Swali zuri, kwa bahati mbaya. Vistari vinaonyesha nguvu ya mawimbi kati yako na ruta tu. Havijui lolote kuhusu kinachotoka ruta kwenda duniani. Vistari vikijaa, taa ya intaneti ikiwa nyekundu, na kuiwasha upya ruta kusisaidie, kosa halipo kwenye mawimbi. Huenda waya wa nje umekatika. Huenda pia, na hili nalisema kinadharia, malipo ya mwezi hayajafika kwenye kampuni.

Mama wa chumba cha tatu, nimesema mwishoni.

Haya, tuseme ni mwishoni. Ni kweli kila chumba kilinikabidhi elfu kumi, na ni kweli mimi ndiye mweka hazina. Fedha zile hazikupotea. Zimewekezwa katika utafiti wa mgongano wa mawimbi ndani ya makazi ya watu, na chombo cha utafiti huo mmekiona kwa macho yenu: vipande viwili, hakina kebo. Matokeo ya awali yanatia moyo. Tangu Jumatatu intaneti ilipokatika, gitaa langu halijakwaruza hata mara moja.

Naomba basi mchango mpya wa elfu kumi kumi kabla ya magharibi. Utapokelewa na mweka hazina wenu yuleyule.