Sifa za Gari la Raia

Kila anayesifia gemu ya mbio za magari huanza na lile gari linalong'aa kwenye kava. Sifa zake zimeimbwa hadi zimechuja. Mimi leo namsimamia mnyonge: gari la raia, la rangi ya kijivu au ya maziwa, linalojiendea zake katikati ya mji bila haraka, lisilo na namba ya mashindano, ambalo hujitokeza njia panda mara tu unapoanza kujiona umeshinda. Wachezaji hulitukana kwa lugha zote wanazozijua. Nasema wamemkosea adabu mfadhili wao.

Chukueni Burnout Paradise, gemu ya mwaka 2008 ya studio ya Criterion iliyoko Guildford, Uingereza. Kila penye taa za barabarani pana shindano: simama hapo, bonyeza mafuta na breki kwa pamoja, matairi yatoe moshi, na kazi imeanza. Mbio huishia katika mojawapo ya sehemu nane zilizouzunguka mji, na njia ya kufika huko ni juu yako. Hakuna ukuta wa kukuongoza. Jina la mtaa wa kukata kona linamulika juu ya skrini, ramani imejibanza pembeni, nawe unatakiwa uvisome vyote viwili katika mwendo ambao hata kupepesa macho ni anasa. Basi ni wakati huohuo, macho yakiwa kwenye ramani, ndipo raia anapokufikia. Vioo, bati na matairi vinaruka taratibu ili usikose kuona hata kipande kimoja. Tena gemu ilipotoka haikuwa na namna ya kulianza upya shindano. Namna hiyo iliongezwa baadaye. Ukishindwa, ulijikuta upande wa pili wa mji, na taa ulizoanzia ziko huko ulikotoka. Watu wakanung'unika. Hawakutambua kwamba wametembezwa mji bure.

Tuje kwenye ufadhili wenyewe. Tangu Burnout ya kwanza, ya mwaka 2001, busti, yaani akiba ya kasi ya ziada, hujazwa kwa ujasiri wa kijinga: kuendesha upande wa magari yanayokuja, kulipita gari chupuchupu. Sasa ujasiri huo unaufanyia nani kama barabara ni tupu? Raia ndiye mwenye hazina. Kila anapokukosa kidogo, anakulipa. Akikupata, anadai alichokukopesha, chote kwa mkupuo. Kukimbiza gari katika mji usio na raia ni kupiga chenga kwenye uwanja usio na mabeki. Utaonekana fundi, lakini atakushangilia mama yako tu. Na hapa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ana neema yake. Amezoea kupita kushoto, na Paradise City, mji wa Burnout Paradise, ni wa Kimarekani, watu hupita kulia. Akijisahau tu akaufuata mkono aliozoea, gemu inampongeza kwa ushujaa na kumjazia busti. (Wa Bukavu na Bujumbura, wanaopita kulia hata makwao, inabidi wakosee kwa kukusudia.)

Sifa nyingine ya raia ni uaminifu. Wapinzani wako wa kompyuta ni wanafiki wa kutupwa. Katika gemu nyingi za aina hii wamefungwa kwa lastiki: ukigonga ukuta wanapunguza mwendo wakungoje, ukiwaacha mbali wanapata nguvu zisizoelezeka na kukunusa tena kisogoni. Umewashinda au wamekushindisha? Huwezi kujua. Raia hana mambo hayo. Hakupendi, hakuchukii, hajui kama unaongoza au unaburura mkia. Anashika njia yake kwa mwendo wake. Ukimpita umempita kwa haki, na ukimvaa ni wewe uliyemvaa, ingawa sijakutana na mchezaji aliyewahi kukiri hivyo.

Halafu tazameni maisha yake. Kompyuta haina uwezo wa kuendesha magari ya mji mzima kwa wakati mmoja, kwa hiyo huyaumba karibu na ulipo na kuyafuta ukishayaacha nyuma. Kwa maana hiyo lile gari la kijivu limezaliwa kwa ajili yako, na litafutwa kwa sababu yako. Halina kwao, halina liendako. Ndani ya yale ya Paradise City hamna hata dereva. Na bado unalilaumu kwamba limekuharibia siku!

Hata ukiwa tayari umeshakuwa chuma chakavu linakuhudumia. Katika hali ile iitwayo Showtime, gari lako lililobomoka hudundadunda barabarani na kila raia unayemgonga anakuongezea pesa, basi la abiria likikuzidishia hesabu yote. Sijui mfadhili mwingine anayelipa hadi msibani.

Dharau aliyofanyiwa katika gemu za Forza Horizon naisema kwa uchungu. Katika ile ya pili, ya mwaka 2014, unasuka mnyororo wa pointi kwa kuteleza, kuruka na kuwakosa raia chupuchupu, na ukijigonga vibaya mnyororo wote unapotea. Hapo raia alikuwa na heshima zake. Lakini katika mbio, wenye gemu wamekupa kitufe cha kurudisha muda nyuma. Umemgonga? Bonyeza, ajali haikutokea. Raia anarudi kinyumenyume mahali pake, bati limenyooka, na hakuna wa kumwambia pole.

Aliyemtendea haki ni Driver: San Francisco, ya mwaka 2011. Mhusika wake, askari John Tanner, yuko kwenye koma, na katika ndoto anayoota humo anaweza kuruka kutoka gari moja hadi lingine, lolote alitakalo mjini. Raia anapata mdomo: abiria wa kiti cha pembeni anahamaki kuona dereva wake mpole ghafla anaendesha kama mwendawazimu. Mbio ukizishindwa kwa kasi, unahamia kwenye lori linalokuja mbele na kumvaa mpinzani uso kwa uso. Uchezaji wa wawili kwenye skrini moja nao una michezo inayoruhusu kuhama hivyo, kwa hiyo lile gari la kijivu linalokujia huenda lina mtu ndani. Utamjua kwa kuwa mwenzako kwenye kochi anaanza kucheka kabla hujagongwa.