Farumi wa Hisani

Leo Jumatatu nimeingia darasa la sita, watoto wakasimama, wakaitikia salamu kwa adabu zote, wakakaa. Nikageuka kuandika tarehe ubaoni. Nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo, sauti moja nyembamba ikasema, "Farumi." Darasa zima likainamia madaftari, mabega yakitikisika. Jina likishaingia darasa la sita halitoki tena. Kabla ya alasiri litakuwa limeshafika markiti, na siku nikifa watalitaja msikitini ili watu wajue ni maiti ya nani.

Wa kulaumiwa ni nahodha mmoja mwenye ndevu nyeupe na sauti ya muadhini, pamoja na watu wa mjini waliokuja Jumamosi kutuchangia madawati.

Mwaliko wao ulikuja kwa kadi za kung'aa. Mashindano ya Ngalawa na Siku ya Ufukweni, mapato yote kwa skuli yetu. Ngalawa zitang'oa nanga saa 4 kamili asubuhi. Siku yenyewe ilikuwa mwezi 15. Mtu yeyote wa pwani ya mashariki ya Unguja akisoma kadi ile, hafiki kwenye jina la mgeni rasmi kabla hajacheka.

Kwa wanaokaa bara: bahari ina ratiba, na mwenye kuipanga ni mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukitimia, huja bamvua. Maji hupwa mpaka unaweza kutembea kwa miguu kuelekea mwambani, kisha hujaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Kwetu tofauti ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4. Mwezi 7 na mwezi 21 huwa maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji karibu. Na kwa kuwa maji huchelewa dakika kama 50 kila siku, hesabu hurudi pale pale kila mara: bamvua la kwetu hupwa asubuhi, kwenye saa 4 na saa 5, na hujaa jioni. Ilikuwa hivyo kwa babu zetu na itakuwa hivyo kwa wajukuu. Kikongwe asiyeona atakwambia saa ya kwenda pwani kwa kuuliza tu leo mwezi ngapi.

Tena hata kujaa kwenyewe kuna mwendo wake, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi. Maji hayapandi sawasawa kwa saa zote sita. Ukigawa kimo chote mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu na ya nne matatu matatu, kisha hupunguza: mawili, halafu moja. Yaani nusu ya bahari huingia katika saa mbili za katikati. Msomaji, ishike hiyo saa ya tatu. Tutakutana nayo mbele, mimi nikiwa ndani yake.

Basi saa 4 kamili mratibu akashuka pwani na filimbi shingoni, akakuta ngalawa zimelala mchangani, kila moja imeegemea tengo lake, na mbele yake uwanja wa mchanga na majani hadi upeo wa macho.

"Bahari iko wapi?" akauliza.

"Imekwenda, bwana," kijana mmoja akamjibu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza."

Mgeni rasmi akaombwa arefushe hotuba. Akazungumza juu ya uchumi wa buluu kwa muda ambao hata kipaza sauti kilichoka, mgongo wake ameuelekeza mahali ambapo buluu yenyewe haikuwepo. Tukaswali adhuhuri. Tuliporudi, maji yalikuwa yameanza kulamba ngalawa, na kusi imechachamaa.

Hapo ndipo nahodha yule alipoanza kupita mbele ya watazamaji akichagua.

Lazima nieleze ngalawa, maana bila kuielewa utadhani nilionewa bila sababu. Ni gogo la mwembe lililochongwa likawa jembamba kiasi kwamba mtu wa umbo langu akikaa ndani hana haja ya kushikilia kitu. Kwa wembamba ule ingepinduka baharia akipiga chafya, kwa hiyo imewekewa matengo: miti miwili inayokikata chombo, imetokeza kulia na kushoto, na kwenye ncha zake zimefungwa mbao zinazogusa maji. Juu ya mlingoti mfupi hupandishwa foromali, mti mrefu ulioinama mshazari, na tanga la pembe tatu hufungwa humo. Ukiitazama kutoka barazani ni kitu cha kutuliza roho. Ukiwa ndani ni ugomvi mtupu. Upepo unasukuma tanga, tanga linalaza chombo upande wa demani, tengo la upande huo linazama na kuburura maji, mwendo unakufa. Dawa yake ni moja tu, uzito upande wa goshi, unakotoka upepo. Mabaharia hutambaa juu ya mti wa tengo, wakakaa nje kabisa juu ya maji, na kadiri upepo unavyozidi ndivyo wanavyozidi kujisogeza. Nahodha mzuri huwapanga watu wake kwa shibiri. Nimemwona akimrudisha mtu ndani kwa upana wa kiganja, na chombo kikaongeza mwendo papo hapo, nikastaajabu.

Uzito unaowekwa chomboni kwa kukituliza tu, usio bidhaa wala abiria, huitwa farumi. Jahazi likirudi tupu hupakiwa mawe au magunia ya mchanga lisije likapinduliwa na dhoruba. Farumi haiulizwi inakwenda wapi. Hailipi nauli, hailipwi, na bidhaa zikipatikana inamwagwa pwani bila ya kuagwa.

Nahodha akawapita vijana wawili wenye vifua vya mazoezi. Akasimama mbele yangu. Hakunitazama usoni, alinitazama katikati.

"Mwalimu, kilo ngapi?"

"Mimi niko hapa kama katibu wa kamati ya—"

"Sikukuuliza cheo, yakhe."

Wenzangu wakapiga makofi, mratibu akanivisha fulana ya wafadhili. Ilikuwa saizi ya mwanafunzi. Jina la kampuni lilitanuka kifuani mwangu mpaka nadhani lilisomeka kutoka mwambani. Nami nilipanda kwa fahari, sifichi. Nilijua naiwakilisha skuli.

Tulikuwa watatu: nahodha kwenye usukani, kamba ya demani mkononi, mimi kwenye tengo, na kijana wa kufua maji kwa kopo la rangi lililokatwa. Kijana huyo ni wa darasa langu la sita. Ijumaa nilikuwa nimemsimamisha nje kwa kuchelewa.

Mti wa tengo ni wa mviringo, una utelezi, na umefungwa kwa kamba yenye mafundo. Fundo moja lilikuwa mahali ambapo sitapaeleza. Kila wimbi lilinilowesha hadi kiunoni na nahodha hakunyamaza: "Toka nje! Zaidi! Rudi kidogo! Tulia hapo hapo, usipumue!" Lakini, wallahi, tulikwenda. Ngalawa iliinuka ikakata maji kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, tukaipita ya kwanza, tukaipita ya pili, nahodha wa ile ya tatu akanitazama kwa wivu wa wazi na akamtazama baharia wake mwembamba kwa masikitiko. Nikaanza kufikiri kwamba miaka yote hii nimepoteza bure kufundisha.

Alama ya kugeukia ilikuwa dumu la njano lililofungiwa jiwe, karibu na mwamba. Na hapa kuna jambo lingine la ngalawa. Foromali haipiti nyuma ya mlingoti. Kugeuza ni kuupa upepo tezi, yaani nyuma ya chombo, kulegeza tanga likapeperuka mbele, na kuizungusha foromali yote mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili. Ni kazi ya sekunde chache, mtu akikosea kamba moja tanga linakuwa sanda. Walifanya vizuri ajabu, mzee na mtoto, bila ya neno. Kisha kukawa kimya. Upepo sasa uko nyuma. Chombo kimesimama wima, hakilali kokote, na kila ratili iliyomo ni dhambi.

Nahodha akanitazama vile vile alivyonitazama ufukweni.

"Mwalimu, unajua kuogelea?"

"Kidogo, nahodha."

"Kidogo kinatosha. Teremka."

"Niteremke wapi?"

Akanionyesha Bahari ya Hindi.

Nikamkumbusha kuwa kuna kanuni. Kanuni za shindano zilichapwa kurasa mbili, zilikataza injini, makasia na matusi. Kuhusu walimu hazikusema lolote. Ngalawa ya pili ilikuwa inakaribia dumu. Nahodha akapaza ile sauti yake, ngalawa zote zikasikia, na nadhani hata pwani walisikia: "Tupa farumi!"

"Samahani, mwalimu," kijana akaninong'oneza, akaniwekea mkono mgongoni kwa heshima zote. "Weka mguu hapa. Sasa achia."

Maji yalinifika kifuani. Chini kulikuwa na mchanga, nashukuru. Ngalawa iliruka mbele kama iliyofunguliwa kamba, wala sikuangaliwa nyuma. Nikatazama jua, nikapiga hesabu, nikakuta ndiyo kwanza inaingia saa ya tatu.

Wale waliofuata walinipita mmoja mmoja. "Mwalimu, umeanguka?" "Nimeshushwa." Nikaanza kutembea. Ni vigumu kutembea kwa haraka na kwa heshima maji yakiwa kifuani, na ukichelewa yatakuwa shingoni. Nilichagua haraka.

Nilipofika maji ya kiuno nikasikia mtu ananifokea. "Wewe! Miguu yako! Unakanyaga mwani wa watu!" Wanawake watatu walikuwa wanamalizia kufungua mistari yao ya mwisho, magunia yanaelea pembeni. Mmoja alinitambua, mwanawe yuko darasa la nne. Akashika mdomo. "Subhanallah, ni mwalimu. Njoo ushike gunia hili, usiende peke yako, maji yanakuja." Kwa hiyo nilirudi nchi kavu nikivuta gunia la mwani, na kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa na kazi inayoeleweka.

Yaliyobaki ya siku ni machache. Ngalawa yetu ilishika nafasi ya kwanza. Zawadi ilitajwa ya watu wawili. Pilau lilikuwa limekwisha. Katika kuvuta kamba timu tatu zilinigombania, nikazikatalia zote. Viatu vyangu sikuviona nilipoviacha.

Viatu nilikuja kuvipata kwenye mfuko mweusi wa plastiki, na hapo ndipo kicheko kiliponiishia. Asubuhi, wakati bahari haipo, vijana wa kujitolea kutoka mjini walivaa glavu wakafanya usafi wa ufuo. Vijana wazuri, wana adabu. Waliokota chupa, ndara, mifuko. Pia waliokota mikunjo ya kamba na vijiti vya mwani ambavyo wanawake walikuwa wamevipanga juu ya mchanga, palipo na kivuli, wavipeleke shambani. Nilipowauliza wakaniambia, "Lakini ni plastiki, mwalimu." Ni plastiki kweli. Ni plastiki iliyonunuliwa.

Mwani ulianza kulimwa kwa biashara huku kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo mikono inayoufunga kwenye kamba ni ya wanawake kwa sehemu kubwa. Aina yenye bei nzuri, kotonii, siku hizi inawafia kwa joto la maji. Iliyobaki bei yake ni ya kusikitisha. Na kazi yenyewe haifanyiki siku wanayoitaka wao; ni siku chache tu za bamvua, asubuhi maji yanapokupwa. Zile zile siku ambazo kadi za kung'aa zilizichukua. Walioingia majini walipoteza kamba. Waliobaki pwani ni kwa kuwa waliitwa kushindana kukuna nazi mbele ya kamera, wapigwe picha, wapewe khanga moja moja, na manahodha nao wakakosa siku ya kuvua. Mahema yalikodiwa, jenereta likakodiwa, fulana zikachapwa kwa ajili ya kila mtu na mwanawe. Sisi wa kijijini tulihitajika ili shughuli isipinduke.

Jioni ikaletwa hundi. Ilikuwa ya boksi gumu, ndefu kuliko dawati, imeshikwa na watu wanne. Niliipima kwa macho: watoto watatu wangeandikia juu yake bila ya kusukumana. Nilifikiri kuiomba, ila wakaikunja wakaondoka nayo garini, maana wanaitumia na kwengineko. Dawati lenyewe hatujaliona, na sisemi kwamba halitakuja.

Kwa waandaaji, kama mnasoma: mwakani karibuni tena, nanyi mna nia njema. Njooni mwezi 7 au mwezi 8, maji mafu, saa 4 asubuhi bahari itakuwepo na wanawake watakuwa nyumbani. Nahodha atawaambieni hayo bure mkimuuliza. Ile mifuko myeusi mliyoipakia kwenye lori nyuma ya skuli msiitupe kabla ya kuifungua, ndani yake mna kamba za watu. Bamvua lijalo ni mwezi ukiandama. Zinahitajika kabla ya hapo.