Sifa za Bomba Lisilo na Ratiba

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, wakavisifu vyombo vya baharini, lakini bomba la maji la Dar es Salaam, hasa la sisi wa mlimani huku Kimara, bado halijapata wa kulitungia. Ninalo moja uani, lenye koki ya shaba na kutu ya heshima, na nimeona kunyamaza ni utovu wa adabu.

Sifa yake kuu ni kwamba limetufundisha kuishi na mashaka. Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua mwaka 1654 kuhusu mchezo wa kamari uliokatizwa kabla hajapatikana mshindi: pesa zigawanywe vipi? Katika barua hizo hesabu ya uwezekano ilipiga hatua yake kubwa. Wangepanga chumba kwetu wasingehitaji kamari. Wangemkuta mama mwenye nyumba, saa nne usiku, kanga begani, akipiga hesabu hiyo hiyo kwa sauti: Jumatatu yalitoka, bondeni wamepata jana, umeme haujakatika, kwa hiyo pampu huenda zinasukuma, ila kesho kuna harusi kwa mjumbe, na penye harusi maji hayaji. Kisha anatega ndoo tatu. Ya nne haiweki, kwa sababu bomba likimwona ana tamaa litasusa.

Wanawe wamebobea kwenye sauti. Kuna kikohozi kikavu, ambacho ni upepo mtupu na hakimwamshi mtu. Kuna kikohozi chenye mluzi ndani yake, cha kumfanya baba aketi kitandani na kusikiliza. Halafu kuna mkoromo mzito unaotanguliza tope jekundu, na ukisikika huo, saa tisa usiku nyumba nzima iko uani, madumu yanagongana, hata mgonjwa amepona.

Sifa nyingine nizitaje tu. Linajenga misuli. Linapatanisha waliogombana, maana mwenye simtanki hakosi salamu. Limewapa ajira vijana wa mikokoteni na limewajengea nyumba wenye maboza. Hata mita yetu limeifunza unyenyekevu, kwani inazunguka kwa upepo.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea kusifu. Inazunguka kwa upepo! Kikohozi kikavu kimepita, namba zimepanda, na mwisho wa mwezi ujumbe unaingia kwenye simu pamoja na namba ya kumbukumbu ya malipo. Ujumbe huo haujawahi kuchelewa, wala hautegemei mvua. Mwisho wake umeandikwa kwamba nisipolipa kwa wakati, huduma itasitishwa. Huduma ipi?

Mashaka ya kweli yapo, na sina ugomvi nayo. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka mto Ruvu. Mvua zikikosekana mto hushuka, kama ilivyokuwa Oktoba 2022, mgao ulipotangazwa mjini. Ndiyo sababu ya kujengwa kwa bwawa la Kidunda kule Morogoro, na hakuna mwenye akili anayeweza kuyaandikia mawingu barua ya malalamiko. Lakini valvu ya mtaa haifunguliwi na mawingu. Inafunguliwa na mtu mwenye spana, anayejua leo anaufungulia mtaa gani na anaufungia upi, na aliyemtuma anajua pia. Sisi tunakesha tukibashiri jambo lililokwisha kuamuliwa mchana, likaandikwa kwenye daftari, daftari likafungiwa kabatini. Ukipiga simu unajibiwa kwa upole wote: vumilieni, hali itatengemaa. Itatengemaa lini, hilo tunaachiwa sisi na ndoo zetu. Wenye maboza nao wanatokea mtaani kabla pipa halijakauka, sijui wao wanabashiri kwa kitu gani.

Basi, mabwana na mabibi wa ofisini, ombi letu ni dogo. Msituletee maji mengi kuliko yaliyopo mtoni. Litoeni tu lile daftari, mlibandike ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: mtaa, siku, saa. Kuamka usiku tutaamka wenyewe.